Aliyemfukuza Kiboko

Mvua ilishuka juu ya soko la Cotebu bila hata ngurumo ya kuonya, na watu wakakimbilia kila palipokuwa na bati. Wauza nyanya walifunika meza zao kwa plastiki, madereva wa pikipiki wakajibanza ukutani na abiria wao. Sami Amur alikuwa mlangoni mwa soko, amekumbatia rundo la nakala za *Kachumbari*, jarida lake la hadithi za picha, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ghafla mkono wenye bangili ulitokea ubavuni mwake, ukachomoa nakala ya juu na kuiweka kichwani mwa mwenye mkono.

"Dada! Hicho ni kitabu, si mwavuli!"

"Leo ni mwavuli," msichana alijibu bila kugeuka. "Ona hizi nywele. Nimekaa kwa saluni tangu asubui. Ntakulipa, usilie."

Sami alitaka kukasirika. Akamtazama vizuri: suruali ya jinzi, blauzi ya manjano, raba nyeupe zilizokwisha kurukiwa na tope, na misuko mipya iking'aa mafuta chini ya jalada la jarida lake. Akasahau alichotaka kusema.

Walibanana chini ya bati na umati. Msichana, kwa kukosa la kufanya, alifungua jarida lililolowa pembeni.

"Huyu bonhomme anaruka kutoka juu ya ghorofa," alisema, "anatua, ata magoti hayamuumi?"

"Ni shujaa."

"Na huyu?"

"Shujaa vilevile."

"Wote wanaume. Wote na mabega kama frigo. Na we mwenye uliandika," alimpima kutoka kichwani hadi viatuni, "unafanana na mufagio."

Mwanamke aliyebeba kuku nyuma yao alicheka kwa sauti. Sami naye akacheka. Ilikuwa kweli, alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lililolowa lilimfanya aonekane mwembamba zaidi.

"Basi niambie," alisema, "shujaa wako wewe angekuwa nani?"

"Mutu ya kawaida. Mwenye kuogopa." Akatoa noti, akamtia Sami mkononi. "Naitwa Gaëlle Birindwa. Nafundisha watu kuendesha gari. Ukichoka kuuza vitabu kwa miguu, unitafute."

Mvua ilipopungua, aliondoka akiruka madimbwi, mwavuli wake wa karatasi bado kichwani. Namba ya simu ya auto-école, shule yake ya udereva, ilikuwa imeandikwa mgongoni mwa koti alilokuwa amefunga kiunoni. Sami aliinakili kwenye kiganja kabla haijapotelea kwenye umati.

Ukoo wa Sami ulikuwa umeuza vitambaa mjini Bujumbura tangu babu zake walipofika kutoka Omani. Baba yake, Mzee Amur, alitarajia kwamba mwanawe wa pekee angesimama nyuma ya meza ileile. Sami alisimama kwa muda, kisha akaondoka. Alikodi chumba kimoja Cibitoke, kati ya fundi wa viti na mtengeneza redio, akaanza kuandika na kuhariri vibonzo. Ildephonse, rafiki yake tangu shule, ndiye aliyechora. Sami alitunga hadithi, alipanga visanduku, alipunguza maneno kwenye viputo mpaka yakabaki yale tu yasiyoweza kuondolewa, kisha akatoka kuuza mwenyewe. Mzee Amur aliita kazi hiyo "michezo yako." Hakuisema kwa ubaya. Aliisema kama mtu anayengoja mvua ipite.

Wiki hiyohiyo Sami alijiandikisha kwa masomo ya udereva.

Walijifunzia Kigobe, kwenye barabara pana zilizotulia, kati ya kuta ndefu na miti iliyokatwa vizuri. Gari la shule lilikuwa na pedali za breki pande zote mbili, na Gaëlle alizitumia zake mara kwa mara.

"Sami, hiyo ni ukuta."

"Nimeuona."

"Umeuona, sawa. Sasa ukuta ikuone na wewe? Kata kushoto! Kushoto, mon Dieu!"

"Ukinipigia kelele nasahau mkono upi ni wa kushoto."

"Ule unashikaka kalamu ni gani?"

"Wa kushoto."

"Bon. Endesha kama unaandika, basi."

Akaendesha kama anaandika, na gari likatembea sawasawa hadi mwisho wa barabara. Gaëlle alipiga makofi. Alikuwa na meno ya mbele yaliyoachana kidogo, na kila alipocheka Sami alipoteza njia tena.

Baada ya hapo simu hazikukatika.

"Allô, mwalimu."

"Mwanafunzi anataka nini saa hizi?"

"Nilitaka kuuliza kuhusu breki."

"Breki gani? Uko kwa kitanda."

"Ndiyo maana nauliza mapema."

"Lala, we muongo," alisema, lakini hakukata simu.

Siku moja walikaa kwenye foleni ya mafuta tangu asubuhi hadi jua likawa utosini. Magari yalikuwa yamezunguka mitaa mitatu na pampu ilikuwa haijaanza hata kufanya kazi. Walikula karanga, wakanywa maji ya moto, wakasimuliana utoto wao. Sami alieleza alivyokuwa akichora wanajeshi kwenye karatasi za kufungia vitambaa dukani mwa baba yake. Halafu akamgeukia.

"Na wewe? Ulisema shujaa ni mtu anayeogopa. Uliwahi kuogopa nini?"

Gaëlle alitafuna karanga polepole.

"Kiboko," alisema. "Kwetu Ruziba zinatokaka mu ziwa, zinaingia mu mashamba. Nilikuwa na miaka tisa. Moja ilikuja kwa shamba ya mama, inakula matembele kama ni yake. Mi nikashika mufuniko ya sufuria na mwiko. Nikaipigia kelele, nikaifuata, mpaka ikarudi kwa maji."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Na mama yako?"

Alitazama gari la mbele. "Mama alilala. Alikuwa mugonjwa."

Sami alimtazama kama mtu aliyeona kitu alichokitafuta miaka yote bila kujua jina lake. Alimshika mkono, na mkono huo haukuondolewa mpaka foleni iliposogea.

Alasiri hiyohiyo aliingia ofisini Cibitoke na kumwambia Ildephonse aache kila kitu. Aliandika kwa siku chache hadithi ya msichana mdogo anayeitwa Gaga, mwenye magoti yenye makovu na mfuniko wa sufuria. Hakumwuliza Gaëlle. Alijiambia kwamba itakuwa zawadi, na zawadi haiombewi ruhusa. Juu ya jalada aliandika kwa herufi nene: KISA CHA KWELI KUTOKA RUZIBA.

Toleo lile liliisha kabla wino haujakauka vizuri. Cibitoke nzima watoto walipiga mifuniko ya sufuria, na akina mama wakamlaani mwandishi bila kumjua. Sami alimpelekea Gaëlle nakala ya kwanza ikiwa imefungwa kwa utepe. Gaëlle aliifungua, akacheka, halafu kicheko kikaisha njiani.

"Umependa?"

"Umenipa miguu mirefu," alijibu.

Sami alidhani anaona haya.

"Allô, shujaa wangu," alianza kumwambia kwenye simu.

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nani?"

"Niite Gaëlle. Ama chérie. Iko majina mengi, Sami."

Miezi michache baadaye bibi mmoja aitwaye Chanelle alikuja ofisini. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na viatu vya kisigino kirefu ambavyo sakafu ya Cibitoke haikuvitendea haki. Shirika lake lilisambaza vitabu mashuleni, na lilitaka hadithi yote ya Gaga iwe kitabu kimoja, kichapwe kwa maelfu. Sharti lilikuwa dogo: kwa kuwa ni kisa cha kweli, picha ya msichana mwenyewe, sasa mtu mzima, iwekwe nyuma, na siku ya uzinduzi asimame mbele ya wanafunzi huko Ruziba, pamoja na mama yake. Alimwachia Sami sehemu ya malipo ili Ildephonse aanze kazi mara moja.

Sami alimpeleka Gaëlle kando ya ziwa, mahali pa mukeke wa kukaanga na ndizi. Gaëlle alivaa gauni la kitenge la bluu lililombana kiunoni, na hereni zilizogusa shingo. Sami alingoja samaki afike ndipo akamweleza, huku macho yanamwaka.

"Picha yangu?" Gaëlle aliuliza.

"Nyuma ya kitabu. Nzuri kabisa."

"Na mama asimame mbele ya watu?"

"Atajivunia. Gaëlle, hii ndiyo kazi niliyoingoja. Baba hatasema tena ni michezo."

Gaëlle alisukuma sahani. "Nani alikuambia uandike mambo yangu?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani! Nilikusimulia mi na we, mu gari, juu nakupenda. We ukaenda kuuza kwa soko. Ata kuniuliza haukuniuliza. Leo unataka kuuza na uso yangu, na mama yangu."

"Nilitaka kukufurahisha."

"Ulitaka kumufurahisha baba yako!"

Watu wa meza ya pili waligeuka kutazama. Gaëlle alichukua mkoba wake, akaenda zake, akimwacha Sami na mukeke wawili wanaopoa. Simu haikupokelewa siku ile, wala iliyofuata. Ulikuja ujumbe mmoja: *Usinitafute.* Pale auto-école walimwambia atapangiwa mwalimu mwingine.

"Ana haki," alisema Ildephonse, huku akinoa penseli. "Mimi nilidhani umemwuliza."

"Nilijua angekubali."

"Kama ulijua, kuuliza kungekugharimu nini?"

Sami alirudi mezani. Alikaa na karatasi za mkataba mbele yake. Angeweza kubadili jina la msichana, akaondoa picha, akatafuta maneno ya kumridhisha Chanelle; kazi ya mhariri ni kukata na kuunga. Mwishowe alipiga simu.

"Bibi Chanelle, sitaweza. Hadithi si yangu. Niliichukua bila ruhusa ya mwenyewe. Pesa mlizotupa nitazirudisha kesho."

"Sami, unajua unachofanya?"

"Sijui. Lakini ndicho nitakachofanya."

Alizirudisha. Kwa kuwa nyingine zilikuwa zimekwisha kununua karatasi, alimwomba baba yake amwongezee. Mzee Amur alifungua sanduku la duka, akamtazama mwanawe juu ya miwani.

"Unarudisha kazi kubwa namna hii kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya mtu niliyemkosea, baba."

Mzee akahesabu noti, akamkabidhi, akafunga sanduku.

Jumamosi Sami alipanda basi la Ruziba. Alikuwa ametia nyumba ya mtu na shamba lake kwenye hadithi, akamweka mwenye nyumba kitandani mgonjwa, bila hata kumsalimia. Aliona ni lazima aombe radhi huko pia.

Mama Marguerite, mamake Gaëlle, alikuwa akichuma mboga za lengalenga nyuma ya nyumba. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, kitenge kimefungwa juu ya kifua, na mguu mmoja ukichechemea. Alitokea upande wa Uvira, Kongo, akiwa bibi harusi, na hakuwahi kuondoka Ruziba tena.

"Amahoro, mama. Naitwa Sami."

"Ah! We ndiye Sami wa mutoto wangu." Alijifuta mikono. "Karibu papa, ikala chini. Anasema mumekosana. Hakuniambia ni juu ya nini."

"Nimekuja kuomba msamaha. Niliandika kitabu kuhusu nyumba hii bila kuwauliza."

"Kitabu? Kiko wapi? Mi sijuake kusoma sana. Nisomee."

Walikaa kwenye mkeka barazani. Sami alifungua ukurasa wa kwanza, akasoma huku akionyesha picha kwa kidole. Mama Marguerite alifurahi kuona ziwa lake, nyumba yake, hata mbuzi. Kiboko alipotokea alishika kifua.

"Ndiyo huyo! Mukubwa hivyo kabisa! Sasa mi niko wapi?"

"Wewe mama uko ndani. Umelala. Ulikuwa mgonjwa."

Mama Marguerite aliinamia picha.

"Mimi? Nililala?"

Akacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akavuta pembe ya kitenge na kujifuta macho. "Papa, siku ile sikulala! Ni mimi nilikamata mufuniko. Ni mimi nilipiga. Kiboko ikanigeukia, nikakimbia, nikaanguka mu mufereji. Goti ni hii, ona. Majirani ndio walikuja na moto, ikarudi kwa maji."

"Na Gaëlle?"

"Gaëlle nilimurusha juu ya mupera. Nikamuambia, usishuke mpaka nikuite."

Sami alihisi uso unamchoma. Mji mzima ulikuwa umesoma *kisa cha kweli*, na chini yake jina lake. Kwa muda mfupi alimkasirikia Gaëlle sana. Kisha akakumbuka kicheko kilichoishia njiani siku ya zawadi, na ile sauti kwenye simu, *usiniite hivyo*, na hasira haikuweza kusimama.

Gari la auto-école lilisimama nje. Gaëlle alishuka na mfuko wa sukari, akamwona Sami, akaliona jarida kwenye mapaja ya mama yake. Akasimama hapohapo.

"Umekuja kunishitaki?"

"Nilikuja kuomba msamaha. Kwako na kwa mama."

"Anajua?"

"Sasa wote tunajua," alisema mama yake. "Kumbe mi nililala."

Gaëlle aliweka sukari chini. Hakumtazama Sami; aliutazama mguu wa mama yake ulionyooshwa mkekani.

"Nilitaka kukuambia, Sami. Lakini ulinitazama. Kwa ile foleni, ulinitazama vile hakuna mutu alishaka kunitazama. Nikasema, ntamuambia kesho. Na kesho ukaniletea kitabu imeshachapwa."

"Sikukuuliza."

"Haukuniuliza. Na mi sikusema. Kisha nikajificha mu makosa yako, juu kosa yangu ilikuwa mubaya zaidi."

"Gaëlle," mama yake aliita, na sasa hakuwa akicheka. "Kuongopea mwanaume, hiyo ni mambo yenu. Mi nauliza kitu moja. Juu ya nini ulinitoa mu hadithi?"

Gaëlle alipiga magoti kwenye mkeka. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Juu ya kuona haya, mama. Kila asubui naona unachechemea. Mi nilikuwa juu ya muti. Nilikuona unaanguka, ukaniita ata jina, na sikushuka. Nilitaka ikuwe mimi. Mara moja tu, ata mu midomo, nilitaka ikuwe mimi niliyeenda."

Mama Marguerite alimvuta kichwa, akakilaza kwenye paja lake, juu ya jarida.

"Mupumbavu. Ungeshuka ningekuchapa na huo mwiko. Nilikuita nijue kama ungali juu. Ulikuwa mutoto wa miaka tisa, kazi yako ilikuwa kukaa mu muti. Na ulikaa muzuri kabisa."

Sami aliinuka awaache peke yao. Alipofika uwanjani Gaëlle alimfuata, kope zimelowa, pua nyekundu.

"Unaenda bila kuniaga?"

"Uliniambia nisikutafute."

"Nilisema. Na nilikaa kila siku nikiangalia simu kama mujinga." Alimshika mkono wa shati. "Na ile kazi ya mashule?"

"Niliikataa. Kabla sijajua lolote."

"Juu yangu?"

"Kwa sababu yako. Na ili niweze kukuangalia tena."

Gaëlle aliweka paji la uso kifuani mwake, palepale mbele ya majirani, na majirani hawakujisumbua kugeuza macho.

Walianza upya, safari hii kwa kuuliza. Mama Marguerite aliketi na Ildephonse akimrekebishia kila mchoro: alikuwa mwembamba zaidi wakati ule, kitenge kilikuwa chekundu, na alikuwa ametukana, akataka matusi yaandikwe. Sami alikata machache. Chanelle alisoma toleo jipya, akalipenda, lakini wakubwa wake walikuwa wametaka shujaa mtoto. Barua yao ilikuwa ya heshima na ya kukataa. Sami na Ildephonse wakachapisha wenyewe, nakala chache, kwenye karatasi ya bei ndogo. Katika ukurasa wa mwisho Sami aliandika kwamba toleo la kwanza halikuwa kweli, na kwamba kosa la kutokuuliza lilikuwa lake.

Siku ya kuzindua, baraza la Ruziba lilijaa majirani. Mama Marguerite alitia sahihi kwa herufi kubwa alizofundishwa na binti yake. Gaëlle alikuwa ndani ya gauni jeupe lenye mikono mifupi, akigawa soda, wakati pikapu ya duka la vitambaa ilipoingia uwanjani. Mzee Amur alishuka, kanzu imenyooshwa, kofia kichwani, kitenge kipya kimekunjwa kwapani.

"Baba yako anafanya nini hapa?" Gaëlle alinong'ona.

"Sijui. Nilimwachia kitabu juzi. Hakusema kitu."

Mzee aliketi kwenye kiti alichopewa, akakabidhi kitenge, akashikilia kikombe cha chai bila kukinywa.

"Mama Marguerite, mimi ni mfanyabiashara, sijui kuzunguka. Miaka yote nilidhani kijana wangu anacheza. Kisha nikamwona anarudisha kazi kubwa kwa sababu amemkosea mtu. Anayecheza hafanyi hivyo. Nimekuja kwa ajili ya binti yako."

"Sisi ni watu wa kanisa, mzee," alijibu Mama Marguerite.

"Najua. Hayo mimi na wewe tutayazungumza, na hayatakwisha leo. Lakini nimeona nianze kuja."

"Baba!" Sami alikuwa amesimama, masikio yamewiva. "Mimi sijamwuliza bado!"

"Hujamwuliza?" Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Basi mwulize. Tunakungoja."

Sami alimgeukia Gaëlle. Kwa miaka mingi alikuwa amewawekea watu wengine maneno midomoni, akayapima, akayapunguza; ya kwake hayakuonekana.

"Gaëlle," alisema. "Nakupenda. Utaolewa na mimi?"

Gaëlle aliweka chini trei ya soda. Alimtazama mama yake, na mama yake akamtazama mzee, na mzee akatazama chai.

"Mi nilifikiri hautaniuliza kamwe," alisema. "Ndiyo, Sami. Ndiyo, chéri."

Vigelegele vilianzia kwa Mama Marguerite vikapita ua hadi barabarani. Mzee Amur alivua kofia, akajipepea, kisha kwa mara ya kwanza tangu afike akainua kikombe.

"Imepoa," alisema, akainywa yote.